Rangi za jikoni ziliniokoa

Mwanangu ana mwaka na nusu. Rangi yoyote nikimpa huishia mdomoni. Ile ya dukani nilimpokonya mara tatu asubuhi moja, akalia mpaka jirani akabisha hodi. Basi nikapika uji mzito: unga wa ngano vijiko 4, maji kikombe kimoja, chumvi hakuna. Ulipopoa nikaugawa, huku nikatia maji ya bitiruti, huku bizari ya manjano. Manjano hayatoki nguoni, mtoto mvue kabisa! Nikakata bamia kichwa, akachovya, akagonga juu ya boksi kuukuu: vijiua vya pembe tano tano. Akailamba ile bamia, nikamwacha. Tukakaa barazani hapa Majengo hadi adhana ya alasiri. Uji uliobaki ulichacha kesho yake, na joto letu hili la Mombasa.