Siku niliyofuta mpango wa insha

Kila mtihani wa fasihi ya Kiingereza ulipokaribia, darasani kwetu tuliambiana neno lile lile: usibishane na swali. Tuliamini kuwa aliyelitunga ndiye atakayesahihisha, na ukimpinga umejichongea. Nami niliamini kama wenzangu. Insha zangu zote nilizianza kwa kukubali, kisha nikatafuta hoja tatu za kuunga mkono, nikamaliza kwa kukubali tena. Alama zilikuwa za kupita tu.

Asubuhi ya mtihani wa majaribio nilifunua karatasi nikakutana na Macbeth, tamthilia ya Shakespeare. Swali lilikuwa na kauli fupi ndani ya alama za kunukuu: Lady Macbeth ndiye wa kulaumiwa kwa maangamizi ya mumewe. Chini yake tuliulizwa tunakubaliana na kauli hiyo kwa kiasi gani, tukirejelea tamthilia nzima. Tulikuwa na dakika 45.

Moyo ulitulia. Hoja zilikuja zenyewe nikazipanga pembeni mwa karatasi. Tendo la 1, onyesho la 5: mke anasoma barua ya mumewe, kisha anawaita pepo waje kumjaza ukatili. Tendo la 1, onyesho la 7: mume anasema hawataendelea tena na shauri la kumuua mfalme, mke anamsuta uanaume wake mpaka anakubali. Tendo la 2, onyesho la 2: mfalme Duncan ameshauawa, Macbeth anaogopa kurudi kule chumbani, na mke ndiye anayempokonya visu avirudishe. Kwa mtu wa kukubali, hapo kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini swali lilisema tamthilia nzima, na hoja zangu zote ziliishia tendo la 2. Nikaanza kutafuta ya nne kutoka mbele zaidi. Banquo, jemadari mwenzake Macbeth? Katika tendo la 3 Macbeth anapanga kifo cha Banquo bila mkewe, na mkewe anapouliza anaambiwa abaki bila kujua mpaka jambo litendeke. Mke na watoto wa Macduff, mtawala wa Fife? Hao wanauawa tendo la 4 kwa amri ya Macbeth, na Lady Macbeth hayumo kabisa. Tunamwona tena tendo la 5, anatembea usingizini, anasugua mikono, anauliza mke wa mtawala wa Fife yuko wapi sasa. Nilikuwa nimekariri mstari ule kwa ajili ya damu na mikono. Sikuwahi kusikia kwamba ni swali. Mwanamke huyu, anayedaiwa kuwa chanzo cha yote, anaulizia habari za mauaji ambayo hakuyapanga.

Nikatazama saa. Dakika tisa zilikuwa zimekwenda. Nikaupiga mpango wangu mstari wa mshazari kutoka kona hadi kona.

Sentensi ya kwanza niliyoandika ilidai kuwa kauli ya swali ni ya uongo. Nikaisoma, nikaona siyo. Vile visu alivishika kweli. Kama ningeandika hivyo ningekuwa nafanya kosa lile lile la kukubali bila kufikiri, ila kwa kuligeuza. Ndipo macho yangu yalipotua kwenye maneno "kwa kiasi gani", ambayo miaka yote niliyapita kana kwamba ni pambo. Nikafuta, nikaandika kwamba Lady Macbeth anabeba lawama ya mauaji ya kwanza, lakini maangamizi ya mumewe ni yale yaliyofuata, na hayo mume aliyatenda bila yeye. Kutoka hapo kalamu haikusimama. Niliandika aya moja ya kumlaumu mke na tatu za kumlaumu mume, nikamaliza dakika mbili kabla ya kengele, vidole vimekufa ganzi.

Nilitoka na hofu. Wenzangu walikuwa wamekubali wote, wakaniangalia kama mtu aliyetupa mtihani.

Baada ya wiki moja karatasi zilirudi. Alama yangu ilikuwa ya juu kuliko zote nilizowahi kupata katika somo lile, lakini pembeni ya aya ya kwanza palikuwa na alama kubwa ya kuuliza kwa wino mwekundu. Mwalimu aliniita wakati wa mapumziko.

"Onyesho la 7 liko wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimeliacha. Lilikuwa kwenye mpango wangu wa kwanza, na nilipobadili msimamo sikulirudisha. Nikamwambia ukweli: niliogopa lingebomoa hoja yangu.

"Mtahini anakusoma akilisubiri," akasema. "Asipoliona, atajua umelificha. Kumpinga si kosa, mwanangu. Ila mpinge kwa ushahidi wake ulio mzito, usimchagulie ulio mwepesi." Kisha akaniambia niiandike upya aya ile moja tu, nimletee kesho.

Usiku ule nilifungua onyesho la 7 kwa kinyongo. Nilisoma mpaka pale Macbeth anaposema anathubutu kutenda yote yanayomfaa mwanamume. Mke anajibu mara moja. Anauliza: basi ni mnyama gani aliyekufanya unifunulie mimi shauri hili?

Nikarudia mstari ule, nikaurudia tena. Unifunulie mimi. Katika maneno yake makali kuliko yote, yale niliyoyaficha kwa woga, mke mwenyewe anamkumbusha mumewe kwamba ni yeye mume aliyelileta wazo. Nikarudi nyuma hadi onyesho la 3, wachawi wametoka tu kumtabiria Macbeth ufalme, naye tayari anasema kuna taswira inayomsimamisha nywele. Wakati huo mkewe hata barua hajaisoma.

Aya iliyotakiwa kuwa moja ikawa kurasa mbili. Asubuhi nilimkuta mwalimu mlangoni kabla hajafungua ofisi. Alizisoma akiwa amesimama, mkoba begani, na alipofika kwenye lile swali la mnyama akachomoa kalamu, akapiga mstari chini ya neno "mimi".

"Sasa tuendelee," akasema, akafungua mlango, akanivutia kiti.