Nilivyozisoma barua za Lovecraft na Howard

Nilianza vibaya. Nilishika barua za H. P. Lovecraft peke yake, yule mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha, yale majuzuu matano ya wachapishaji Arkham House yaliyotoka kati ya 1965 na 1976. Barua nyingi humo zimefupishwa na za upande wa pili hazimo, kwa hiyo ni kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu chumba cha pili. Nikaziacha, nikachukua A Means to Freedom ya 2009, inayoziweka barua zake na za Robert E. Howard, mwandishi mwenzake wa Texas, kwa zamu.

Hapo nikapiga mistari kwenye daftari, safu tatu: tarehe, hoja, na barua iliyoijibu. Bila hivyo unapotea, maana barua moja hubeba mabishano manne au matano na kila moja linajibiwa kivyake. Nilisoma mbili kwa siku, moja ya kila upande. Zaidi ya hapo nilikuwa nafunua kurasa tu.

Urafiki wenyewe ulizaliwa na kosa. Mwaka 1930 jarida la Weird Tales lilirudia hadithi ya Lovecraft, na Howard akakuta humo maneno ya Kigaeli, lugha ya kale ya Ireland na Uskoti, pale alipotarajia Kiwelisi, lugha ya Wales. Akadhani mwandishi ana nadharia yake kuhusu nani alitangulia kufika Uingereza, akamwandikia mhariri, Farnsworth Wright, naye akaipeleka barua kwa Lovecraft, mjini Providence. Kumbe Lovecraft aliyaazima tu maneno yale kwenye hadithi ya mtu mwingine!

Mapengo yapo. Barua halisi za Lovecraft kwa Howard ziliharibiwa baada ya Howard kufa; zilizobaki nyingi ni nakala za taipu, zimekatwakatwa. Howard akijibu jambo usiloliona, weka alama ya kuuliza, usikisie. Majina ya utani nayo yaandikie ukurasa wake: Two-Gun Bob ni Howard, Klarkash-Ton ni Clark Ashton Smith, mwandishi mwenzao. Na ujiandae, ubaguzi wa rangi umejaa pande zote mbili, haujafichwa.

Sehemu niliyoirudia ni ugomvi wa ustaarabu na ushenzi. Lovecraft anatetea ustaarabu, Howard anahisi anadharauliwa, maneno yanakuwa makali, halafu aya inayofuata wanarudi kwenye historia ya Texas kana kwamba hakuna kitu. Hawakuwahi kuonana. Howard alijiua Juni 11, 1936, na daftari langu lina hoja kadhaa ambazo safu ya tatu iko tupu.