Kobe kanitoa jasho

Jana nimekaa saa nzima na Kamusi ya Kangxi, ile ya Kichina ya mwaka 1716, natafuta neno moja tu: kobe. Humo hakuna A wala Z jamani! Unatafuta kwanza mzizi wa herufi, yaani kile kipande chake kinachotumika kuipanga kamusini, kati ya mizizi 214, halafu unahesabu mistari ya kalamu iliyobaki. Herufi zimo zaidi ya 47,000.

Basi nikaikatakata 龜, herufi ya kobe, vipande, juu, chini, ubavuni, nione mzizi uko wapi. Kidole kimepinda kwa kuhesabu. Kumbe kobe mzima ndiye mzizi! Mistari 16, namba 213, karibu na mwisho kabisa wa kitabu. Baada yake kuna mzizi wa filimbi tu. Xu Shen, aliyeanzisha mpango huu wa mizizi zama za watawala wa Han huko China ya kale, alikuwa na mizizi 540. Huyo simgusi.