Mafuta ninayoyasomea hapa Moshi

Hapa Moshi mafuta yakitajwa, yanatajwa kama mshitakiwa. Kliniki ya sukari wanasema punguza mafuta, kliniki ya presha wanasema hivyohivyo, na kwenye vikao vya harusi utasikia mtu akihesabiwa vipande vya nyama choma na mkewe. Ushauri huo una msingi na siupingi. Ila mimi ni mwanabiolojia wa molekuli, na mafuta ninayoyasomea hayapatikani kwenye karai. Yamo kwenye utando wa kila seli ya mwili wako, tena kwa kiasi kidogo sana, na yasipofanya kazi yake sukari ya uji uliokunywa asubuhi inabaki ikizunguka kwenye damu wakati misuli ina njaa. Kwa muda mrefu nimetamani kuyaandika kwa Kiswahili, kwa sababu magonjwa mawili yanayotawala mazungumzo ya familia nyingi huku kwetu, kisukari na kansa, yanakutana palepale kwenye hayo mafuta.

Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta yanayoitwa fosfolipidi. Mikia yake imeelekeana ndani ikiyakimbia maji, vichwa vimetazama nje. Hilo lilianza kujulikana mwaka 1925, pale Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walipoyatoa mafuta yote kwenye chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo karibu mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Kwa miaka mingi baada ya hapo utando ulichukuliwa kuwa ukuta tu, na ukuta haukutarajiwa kusema kitu.

Waliosikia ukuta ukisema walikuwa mtu na mkewe. Mwaka 1953 Mabel Hokin na Lowell Hokin walichukua vipande vya kongosho la njiwa, wakaviweka kwenye mchanganyiko wenye fosfati (kijikundi cha fosforasi na oksijeni) ya mionzi ili waifuatilie inakokwenda, kisha wakavichochea kwa asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuamrisha tezi. Kongosho likamwaga vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, kama lilivyotarajiwa. Jambo ambalo halikutarajiwa ni kwamba ile fosfati ya mionzi ilikuwa imeingia kwa wingi kwenye fosfolipidi. Seli imeamrishwa kutoa vimeng'enya, sasa inahangaika na mafuta ya ukuta wake ya nini?

Jibu lilichukua miaka 30, na lilitoka kwenye kongosho tena. Mwaka 1983 Michael Berridge na wenzake walionyesha kwamba fosfolipidi moja ya utando ikikatwa, kipande chake kiitwacho IP3 kinaachana na utando, kinaingia ndani ya seli na kufungulia kalisi iliyokuwa imehifadhiwa humo. Kipande kinachobaki kwenye utando nacho hakikai bure, kinaamsha kimeng'enya kingine, na hilo tunamshukuru Mjapani Yasutomi Nishizuka. Kila ninapofundisha somo hili huanza na akina Hokin. Wanafunzi wengi wanayajua majina ya waliopata tuzo za Nobel, jina la Mabel Hokin hawajawahi kulisikia, na naona si haki.

Baada ya IP3 ikaja familia yangu mimi, ile inayozunguka kimeng'enya kiitwacho PI3K. Mwaka 1988 kundi la Lewis Cantley kule Marekani lilionyesha kwamba kimeng'enya hiki kinaweka fosfati mahali ambapo hapakuwa pakijulikana. Fosfolipidi inayowekewa, ileile inayokatwa kutoa IP3, ina kichwa chenye umbo la pete ya kaboni sita. Fosfati zikiwa kwenye namba 4 na 5 tunaiita PIP2. PI3K inaongeza nyingine kwenye namba 3, inakuwa PIP3. Tofauti ni fosfati moja tu, lakini ndiyo inayoamua kama seli itakula, itakua, au itakaa kimya.

Mama yangu mkubwa anaishi Kibosho na ana kisukari cha aina ya pili. Nilipokwenda kumjulia hali alinikalisha nje, karibu na migomba, akaniletea mtori, na kabla sijamaliza nusu bakuli akaanza.

"Mwanangu, bado uko na yale mafuta yako?"

"Bado, mama."

"Daktari ananiambia niyaache, wewe umesomeshwa uende ukayatafute. Nimsikilize nani?"

Nikamwambia amsikilize daktari. Halafu nikamwonyesha masale yaliyopandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani. Kwa asiye Mchaga: sale ni mmea unaokaa pale miaka nenda rudi kuonyesha kwamba shamba la huyu limeishia hapa. Lakini ndugu wakikosana, jani la sale lilelile likichumwa na kupelekwa kwa aliyekosewa, limebeba ombi la msamaha, na si rahisi kulikataa. Mmea mmoja, mpaka na ujumbe. PIP2 iko hivyohivyo, nikamwambia. Muda mwingi ni sehemu ya ukuta. Insulini ikifika nje ya seli na kushika kipokezi chake, PI3K inaitwa, inaongeza ile fosfati, na fosfolipidi iliyokuwa ukuta inageuka kuwa taarifa. Protini iitwayo Akt, iliyokuwa ikielea ndani ya seli, inakuja kutua juu ya PIP3, inaamshwa, na kwenye seli za misuli kazi yake mojawapo ni kuhakikisha milango ya sukari inapandishwa juu ya utando. Sukari inaingia.

Mama mkubwa alikaa kimya kidogo. "Kwa hiyo mimi insulini inafika, ila jani halipelekwi."

Linapelekwa kidogo mno, nikamjibu. Kwenye kisukari cha aina ya kwanza insulini yenyewe ndiyo haipo. Kwenye aina ya pili, kwa miaka mingi insulini inaweza kuwepo, hata kwa wingi, lakini taarifa yake inafifia kati ya kipokezi na Akt. Akaniuliza mbona basi akipanda kwa miguu kwenda kanisani sukari yake inashuka. Swali hilo lilinifurahisha kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa ukumbini. Misuli inapofanya kazi ina njia yake nyingine ya kuipandisha ile milango, isiyohitaji PIP3. Njia ya insulini ikiwa nzito, ile ya kutembea inaweza kuwa bado iko wazi. Ndiyo maana daktari anapokwambia utembee hakupi maneno ya kukufariji tu.

Sasa upande wa kansa. Taarifa inayosema "kula" ndiyo hiyohiyo inayosema "kua, gawanyika, usife". Kwenye seli yenye afya PIP3 hutengenezwa na kuondolewa haraka, na anayeiondoa ni kimeng'enya kiitwacho PTEN. Jeni yake iligunduliwa mwaka 1997 kwa sababu ilikuwa ikipotea kwenye uvimbe wa aina nyingi, na mwaka uliofuata Maehama na Dixon wakaonyesha kazi yake: inang'oa fosfati ya namba 3. Seli iliyopoteza PTEN haijui kunyamaza. Kuna seli nyingine ambazo PTEN wanayo, lakini jeni ya PI3K, iitwayo PIK3CA, imebadilika, na kimeng'enya kinaweka fosfati bila kungoja kuamrishwa. Kwenye kansa ya matiti inayotegemea homoni na isiyo na HER2 nyingi (HER2 ni kipokezi kinachoiambia seli ikue), karibu wagonjwa 4 kati ya 10 wana mabadiliko hayo.

Kwa hiyo ikatafutwa dawa ya kuizuia PI3K. Alpelisib iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa wagonjwa wa aina hiyo hasa. Ilisaidia kuchelewesha ugonjwa. Lakini kwenye jaribio lililoipatia kibali, zaidi ya nusu ya waliopewa dawa walipandisha sukari. Ukiwa umefuatana nami kutoka Kibosho hutashangaa. Dawa haichagui seli: ikizima PI3K kwenye uvimbe, inaizima pia kwenye ini na misuli, na mtu aliyekuja kutibiwa titi anaanza kupimwa sukari.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo. Sukari ikipanda, kongosho linajibu kwa kumwaga insulini, na insulini inaikokota PI3K iamke tena, hata ndani ya uvimbe uleule ambao dawa inapambana nao. Mwaka 2018 Benjamin Hopkins, Cantley na wenzao walionyesha kwa panya kwamba insulini ikidhibitiwa, kwa chakula chenye wanga kidogo sana au kwa dawa za kisukari, dawa ya aina hii inafanya kazi vizuri zaidi. Naomba nieleweke: ni panya, na katika majaribio hayohayo kuna aina ya kansa ambayo chakula hicho peke yake, bila dawa, kiliiharakisha. Mgonjwa asikae na njaa kwa kusoma maandishi yangu. Ninachoshikilia ni kwamba daktari wa sukari na daktari wa kansa wanasimamia njia moja ya mafuta. Mgonjwa mwenye magonjwa yote mawili asiwe na mafaili mawili yasiyosomana, na hilo halihitaji mashine ya gharama.

Na mafuta haya hayaishii hapo. Aspirini unayomeza kichwa kikiuma inazuia utengenezaji wa prostaglandini, ambazo ni mafuta yanayobeba taarifa ya maumivu na homa. John Vane alilionyesha hilo mwaka 1971. Hata kijidudu cha malaria kina vimeng'enya vyake vya kuweka fosfati kwenye mafuta. Kundi la Profesa Kelly Chibale, Mzambia anayefanya kazi Cape Town, lilitangaza mwaka 2012 molekuli inayokizuia kimojawapo, PI4K, nayo ikafika kwenye majaribio ya binadamu. Haikufika madukani. Bado naiona ni kazi kubwa, imefanyika barani kwetu, na nawaonyesha wanafunzi kila mwaka.

Wengi huniuliza mikono yangu inafanya nini kutwa nzima. Inatoa mafuta kwenye seli. Tunatumia njia ya Bligh na Dyer ya mwaka 1959: seli zinachanganywa na kloroforomu, methanoli na maji, unatikisa, unaweka kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha mirija kwa kasi. Ukiutoa mrija unaona tabaka mbili. Juu ni maji na methanoli, chini ni kloroforomu kwa kuwa ni nzito, na katikati kuna kisahani cheupe cha protini, chembamba, kinachotaka kuvunjika. Mafuta yako yako chini. Inabidi uipitishe pipeti kandokando ya kisahani, ukiwa unasukuma kiputo kimoja kimoja cha hewa ili kitu cha juu kisiingie, ndipo uvute. Vyombo lazima viwe vya kioo, kwa sababu kloroforomu inaila plastiki na utapima plastiki ukidhani ni seli. Ukitafuta PIP2 na PIP3 lazima uongeze asidi, la sivyo fosfati zao zinazivuta zibaki kwenye maji na protini. Wanafunzi wangu wakishajua kuvuta tabaka la chini bila kukivunja kisahani, nawaamini na sampuli za wagonjwa.

PIP3 yenyewe ni chache mno kwa vifaa vyetu. Hatuna mashine ya kupimia uzito wa molekuli, na sampuli zikisafirishwa nje zinategemea barafu kavu kufika salama. Kwa hiyo tunaifuata kwa nyayo zake: tunapima ni kiasi gani cha Akt kimewekewa fosfati baada ya insulini. Hiyo inawezekana hapa, kwa kingamwili, karatasi ya kunasia protini na umeme usiokatika kwa saa kadhaa.

Swali letu la sasa ni dogo na nalipenda. Tunachukua chembe nyeupe za damu za watu wenye kisukari cha aina ya pili, tunazipa insulini ndani ya mrija, na kuangalia Akt inaitikia kwa kasi gani ikilinganishwa na ya watu wasio na kisukari. Wagonjwa hawana shida, wanajitokeza, na wanauliza maswali mazuri. Wagumu kuwapata ni wale wazima. Mtu asiyeumwa haoni kwa nini aamke kwake Pasua au Majengo, mitaa ya hapa Moshi, apande daladala bila chai, aje atolewe damu na mtu asiye daktari. Kama wewe ni mmoja wao, chai na mkate vipo, na damu tunayochukua ni kijiko kimoja kikubwa.