Siku moja maishani mwangu: kuandika seva ndogo za wavuti kwa C

Nikisema naandika seva za wavuti, programu zinazotuma kurasa kwa anayezifungua, kwa lugha ya C, wengi huniuliza nani bado anahangaika na lugha ya mwaka 1972. Unaitumia wewe unayeuliza, kila siku. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, karibu yote ni C. Seva ya nginx, ambayo Igor Sysoev aliitoa kwa umma mwaka 2004, ni C. Mimi niko upande wa vitu vidogo: seva zinazokaa ndani ya vifaa vyenye megabaiti 32 za memori, vya kupima umeme au kuongoza pampu. Mtu anafungua ukurasa wa mipangilio, anabonyeza kitufe, anaondoka. Mimi nashinda nyuma ya kitufe hicho.

Saa 2:00 asubuhi. Nasoma matokeo ya majaribio ya usiku. Kila onyo la kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, nalihesabu kuwa kosa, na AddressSanitizer, chombo cha kunusa makosa ya memori, inanikamatia msimbo unaosoma nje ya mipaka ya bafa, yaani eneo la memori lililotengewa data. Leo hakuna kitu.

Saa 3:00. Narudi kwenye sehemu inayochambua maombi. Jambo ambalo wanaoanza hulisahau ni kwamba ombi haliji zima. TCP, itifaki inayobeba ombi mtandaoni, ni mtiririko wa baiti tu. Ukiita read(), funksheni ya kusoma kilichofika, ya kwanza inaweza kukuletea “GE”, na “T /hali” ikafuata baadaye. Kwa hiyo unatunza ulichopata, unakumbuka ulipoishia, unasubiri. Vichwa vya ombi vikizidi kilobaiti 8 najibu 431, msimbo wa kusema vichwa ni vikubwa mno, na kufunga. Njia yenye “..” inayotaka kupanda nje ya folda ya kurasa naikataa hapo hapo.

Saa 4:30 simu inaita, na ratiba yote ya leo inaishia hapo.

Ni mteja mwenye vifaa vya pampu. “Fundi, seva yako imekwama tena usiku. Kifaa kimepata moto, ukurasa haufunguki.” Namuuliza kama amekizima. Amekizima na kukiwasha saa 2:00, kama afanyavyo kila asubuhi. Kumbukumbu za matukio kwenye kifaa hicho zinakaa kwenye memori, kwa hiyo kila anapokizima anafuta ushahidi wote. Nilishamwomba asikiguse kabla hatujazungumza.

“Mkuu, naomba unisomee kitu kimoja. Fungua terminali, uhesabu vilivyomo kwenye folda ya /proc ya seva, ile ya fd.”

“Fundi, nimekwambia ni umeme. Usiku umeme wetu unashuka. Wewe tupe toleo linalojizima na kujiwasha lenyewe usiku, yaishe.”

Hapa ndipo kazi hii inapochosha kuliko msimbo wowote. Seva inayohitaji kuzimwa kila siku ili iishi ni mbovu, na kuizima kwa ratiba ni kuuficha ubovu huo ndani ya kifaa kinachosukuma maji ya watu. Nilimweleza hivyo kwa upole. Akasema ana kikao. Baadaye akatuma picha ya skrini iliyokatwa katikati. Nikaomba nyingine. Akatuma ya kifaa kingine kabisa. Tulikwenda hivyo hadi chakula kikapoa, kisha akampa simu kijana wake wa mitambo, ambaye alinisomea namba bila maneno mengi: 410.

Kwenye Linux, kila faili na kila soketi (muunganisho wa mtandao) iliyofunguliwa hupewa namba yake, deskripta, na folda ile ya fd ndiyo inayoziorodhesha. Seva hii ikiwa imetulia haihitaji hata kumi. Nikamwomba kijana ahesabu tena baada ya nusu saa: 440. Nikajua tumeshika mkia. Deskripta moja inapotea kila dakika. Kikomo kwenye kifaa ni 1,024, na dakika 1,024 ni saa 17 na dakika chache. Ukiwasha saa 2:00 asubuhi, unafika mwisho saa 7:00 usiku. Umeme haukuhusika, bosi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiipanga saa ya kifo kila alipogusa swichi asubuhi.

Na moto wa kifaa unaeleweka. Deskripta zikiisha, accept(), funksheni ya kumpokea mgeni, inarudi na EMFILE, kosa la kusema nafasi zimejaa. Mgeni aliyebisha anabaki kwenye foleni, epoll, mlinzi wa Linux anayeiarifu seva, inaamka kusema kuna mgeni, accept() inashindwa tena, epoll inaamka tena. Prosesa inazunguka hivyo bila kupumzika.

Nani anabisha kila dakika? Kijana akaniorodheshea soketi: mamia ziko CLOSE_WAIT, zote kutoka anwani moja. CLOSE_WAIT maana yake upande wa pili umeshafunga, na kerneli inasubiri programu yetu nayo iite close(). Haina muda wa kuisha. Itasubiri mwaka. Anwani ile ni ya programu yao ya ufuatiliaji, ambayo bado inauliza ukurasa wa hali ya pampu uliofutwa kwenye toleo lao jipya.

Nikafungua sehemu ya msimbo wa seva ambayo watu wa mteja waliiongeza wenyewe. Ukurasa usipopatikana, funksheni inatuma 404 kisha inafanya return, mistari kumi juu ya close(). Njia ya furaha inafunga mlango, njia ya kosa haifungi. C haitakufungia kitu ulichokifungua, na mimi naipendea hilo: ukisoma funksheni unaona kila ilichokopa na kila ilichorudisha. Nikaiandika upya iwe na njia moja ya kutoka, kila kosa linakwenda huko kwa goto, amri ya kurukia mstari mwingine. Wapo walimu wanaokataza goto kabisa. Wasome kerneli ya Linux, waone inavyotumika kusafisha.

Kuijaribu sikusubiri saa 17. Nilishusha kikomo cha deskripta hadi 20 kwa amri ya ulimit, nikairushia seva maombi ya kurasa zisizokuwepo. Ya zamani ilikata pumzi papo hapo. Mpya ilimeza maombi elfu hamsini na hesabu ya deskripta haikusogea. Niliongeza pia deskripta moja ya akiba iliyofunguliwa kwenye /dev/null, faili ya mfumo isiyo na kitu: nafasi zikiisha, seva inaiachia hiyo, inampokea mgeni, inamfungia kwa adabu, kisha inaishika tena akiba yake. Hata mwingine akivujisha, kifaa hakitaungua.

Giza lilikuwa limeshaingia nilipotuma toleo. Mgongo unauma, kazi ya kuchambua maombi iko pale nilipoiacha saa 4:30. Mteja akajibu: “Asante fundi. Ile ya kujizima usiku umeiweka?”

Sikuiweka, na nilimwambia sitaiweka. Nimewaomba yeye na kijana wake wasiguse swichi kesho asubuhi hadi wanisomee hesabu ya deskripta, na wabadilishe njia ambayo programu yao ya ufuatiliaji inauliza.