Siasa ikiingia sebuleni
Mimi na kaka yangu hatuungi mkono chama kimoja. Kampeni zilipopamba moto tulirushiana maneno kwenye kundi la familia mpaka mama akaandika, "Nyamazeni wote wawili," kisha akajitoa kundini. Kura zikahesabiwa. Haukupita muda, wagombea wetu wakaonekana wamekumbatiana, wanacheka (sijui walichekea nini), na sisi bado tumenuniana!

Kinachoniudhi ni jinsi chuki hii ilivyo rahisi. Unamchukia ndugu yako kwa niaba ya mtu asiyejua hata jina lako. Kumpenda ndiko kwenye kazi, maana ubishi wake naujua tangu utotoni.

Jana kanipigia kuhusu ada ya mwanawe. Tumeongea weee. Uchaguzi hatukuugusa, ingawa ulimi uliniwasha.