Waziri Mkuu wa huku na wa kule
Alhamisi nilikaa jukwaa la wageni bungeni hapa Dodoma, kusikiliza maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Mbunge akasimama na suala la mbolea, ukumbi kimya. Uingereza nao wana kipindi kama hicho kila Jumatano, ila kule waziri mkuu ndiye mkuu wa serikali, mfalme ni mkuu wa nchi. Kwetu Rais ana vyote viwili. Waziri Mkuu huteuliwa na Rais, Bunge linathibitisha.

Kinachoniuma nikilinganisha nchi hizi mbili ni Umoja wa Mataifa. Uingereza ina kiti cha kudumu na kura ya turufu, yaani inaweza kuzuia azimio peke yake, sisi Baraza la Usalama tumeingia kwa kuchaguliwa tu, 1975–76 na 2005–06. Na hii ndiyo nchi iliyohifadhi Kamati ya Ukombozi ya Afrika, iliyosaidia wapigania uhuru wa bara hili, tangu 1963! Afrika nzima haina kiti cha kudumu hata kimoja.